Tashtiti katika Wimbo wa "Katelina"

Katelina, mhusika katika wimbo wa Kikamba uliovumishwa na kundi la Kalambya Sisters, anapenda pombe ya kaluvu, na kila mwaka hushika mimba. Hadhira ya Kitui na Makueni haikuhitaji kufunzwa kuucheka. Jadi ya Wakamba ina myali, nyimbo ambazo ngui, yaani manju, huzitunga kumkejeli mkosaji anayejulikana kijijini. Santuri haimjui mkosaji huyo. Inatoa jina tu, na msikilizaji humtafutia Katelina wake miongoni mwa majirani. Je, mwanamke anadhalilishwa? Pengine, lakini wanaoimba ni wanawake, na sauti zao nyembamba, karibu za kitoto, zinamcheka Katelina huku zikimwonea huruma.