Trekta Yako Isinywe Mafuta ya Bure

Mkulima wa skimu, kama una trekta ya dizeli, au kama chama chenu cha ushirika kinayo, jueni jambo hili. Trekta yaweza kuwaka vizuri asubuhi na kuvuta jembe, na huku inapoteza mafuta katika kila eka. Fedha hizo hutoka mfukoni mwenu, na mbegu na mbolea zinazingoja.

Sababu moja ni dizeli kuingia katika silinda wakati usiofaa.

Kwa nini wakati una maana?

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni hupanda na kushindilia hewa mpaka inakuwa ya moto sana, kupita digrii 500 za sentigredi. Ndipo pampu husukuma dizeli, nayo noseli huinyunyiza kama ukungu, ikawaka yenyewe. Lakini dizeli haiwaki papo hapo. Kwa hiyo hunyunyizwa kabla kidogo pistoni haijafika juu kabisa, ili nguvu ya moto iisukume inapoanza kushuka.

Dizeli ikiwahi mno, moto huipiga pistoni ingali inapanda. Injini hugonga kama nyundo, na pistoni na beringi huumia. Ikichelewa, moto huwaka pistoni imekwisha kushuka. Nguvu hupungua, injini hupata joto jingi, na mafuta hutoka bure katika bomba la moshi.

Tazama moshi

Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi, kama kule Kinangop, si ajabu. Lakini usipokwisha injini ikisha pata moto, huenda dizeli inachelewa. Moshi mweusi mara nyingi maana yake ni hewa haitoshi, noseli ni mbovu, au trekta imepewa kazi kupita nguvu zake. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Usianze na pampu

Kwanza safisha kichujio cha hewa. Badili kichujio cha dizeli na utoe maji yaliyo chini yake. Mwambie fundi apime noseli na nafasi za valvu. Mara nyingi ubaya huishia hapo. Usikaribishe mkono kwenye noseli inayonyunyiza: dizeli hiyo hutoboa ngozi, na mtu aliyepigwa nayo apelekwe hospitali mara moja, hata kama jeraha ni dogo.

Kazi ya fundi

Kama dalili zingalipo, mwite fundi mwenye kitabu cha injini hiyo, kwa maana kila aina ina kipimo chake. Katika Massey Ferguson 35 yenye injini ya Perkins ya silinda 3, utaona mstari kwenye ukingo wa pampu na mwingine kwenye kifuniko cha gia. Mistari hiyo yapasa kukabiliana. Fundi hulegeza nati na kuizungusha pampu kidogo: kinyume cha mzunguko wa mhimili wake ni kuwahisha, kuufuata ni kuchelewesha. Azungushe kidogo sana. Pampu huzunguka mara 1 injini ikizunguka mara 2, basi digrii 1 ya pampu ni digrii 2 za injini.

Usikubali mtu avunje sili ya pampu ili kuongeza dizeli. Trekta itatoa moshi mweusi na kunywa zaidi.

Pima mwenyewe

Simamisha trekta mahali palipo sawa, jaza tanki mpaka juu, kisha lima eka moja. Rudi pale pale, ujaze tena kwa chombo cha lita, na uandike hesabu. Baada ya fundi kumaliza, rudia katika udongo ule ule, kwa gia ile ile na kina kile kile. Lita zikipungua, fundi amefanya kazi yake. Zisipopungua, mwite tena kabla hujamlipa.