Msongo wa Kazini na Sahihi ya Mkubwa

Wengi huamini kwamba anayelemewa zaidi kazini ni bosi: vikao haviishi, simu hazikomi, lawama zote humfikia yeye. Utafiti wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 kwa kufuatilia afya ya watumishi wa serikali ya Uingereza, ulionyesha kinyume. Wanaume wa ngazi ya chini kabisa, wakiwemo matarishi na mabawabu, walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha takriban mara tatu ya kile cha wakubwa wao. Mtu atasema walivuta sigara zaidi. Kweli walivuta, lakini sigara, shinikizo la damu na lehemu kwa pamoja vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Awamu ya pili, iliyoanza 1985 na watumishi 10,308, wanawake wakiwemo, ilibaini kuwa asiye na kauli juu ya kazi yake ndiye aliyekuwa hatarini zaidi kuugua moyo.

Mtazame karani wa dirishani. Faili limekamilika, ada imelipwa, mwananchi amerudi kwa mara ya tatu. Kinachokosekana ni sahihi ya mkuu wa idara, naye yuko safarini. Karani haruhusiwi kusaini, wala hajui itasainiwa lini. Matusi ni yake. Miaka ikipita hivyo, huanza kuchelewa, kuugua kila mara, au kukaa pale mwili tu, na ofisi inalipa mshahara mzima kwa nusu ya kazi.

Wapo wanaosema presha kidogo humchangamsha mtu. Sibishi, bila tarehe ya mwisho magazeti yasingetoka. Ila humchangamsha yule anayeweza kuchukua hatua. Pingamizi zito zaidi ni la uadilifu: ukimwachia karani asaini, si utakuwa umeifungulia rushwa mlango? Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni mipaka iliyo wazi na ukaguzi. Lakini hata sahihi moja inayongojewa na foleni nzima hualika bahasha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Ni kinga muhimu, ila haimpi karani kauli ndani ya saa hizo. Hilo ni la meneja. Kabla ya kuidhinisha semina ya msongo hotelini, yenye chai na fulana, aorodheshe kila jambo ambalo watu wa dirishani hulazimika kulipandisha kwake, kisha awarudishie yale yasiyohitaji cheo chake.