Nyuma ya Kicheko: Redykyulass, Fimbo ya Nyayo na Tamthilia ya Kigogo

Huenda umewahi kumwona mzazi wako akicheka hadi machozi kwa video ya zamani ya Redykyulass, nawe ukabaki umekodoa macho. Unachoona ni mtu aliyevaa suti, ameshika kifimbo, anazungumza kwa sauti nzito ya kukwaruza. Kinachochekesha ni nini hapo? Swali hilo ndilo huwakwamisha watahiniwa wengi wanapoulizwa kuhusu kejeli katika Kigogo ya Pauline Kea. Kejeli huuma pale tu mtu anapokijua kitu kinachokejeliwa.

Redykyulass walikuwa vijana watatu: Walter Mong'are, maarufu kama Nyambane, Tony Njuguna na John Kiarie. Walivuma kwenye runinga katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Daniel arap Moi, aliyeongoza kuanzia Agosti 1978 hadi Desemba 2002. Nyambane alimwiga Rais mwenyewe. Kwako hilo ni jambo dogo. Waigaji wa viongozi wamejaa kwenye simu yako. Lakini kumbuka kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini Desemba 1977 baada ya mchezo wake kuigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Kumbuka pia kwamba kuanzia 1982 hadi Desemba 1991 sheria iliruhusu chama kimoja tu. Kwa hivyo watazamaji walicheka mara mbili: kwa kichekesho chenyewe, na kwa mshangao kwamba sasa kinaweza kusemwa sebuleni bila kufunga dirisha.

Anza na fimbo. Moi hakuonekana hadharani bila fimbo yake fupi ya pembe. Serikali yake ilipoadhimisha miaka kumi mwaka wa 1988, mnara ulijengwa jijini Nairobi ukionyesha mkono ulioshika fimbo hiyo ukichomoza kutoka kilele cha mlima. Tazama vizuri: kitu cha mtu mmoja kimegeuzwa alama ya nchi nzima, kwa mawe. Sasa rudi kwenye Kigogo, kwa Sudi anayekataa kuchonga kinyago cha kutukuza sherehe za Majoka. Wasomaji wengine huona ukaidi wa fundi tu, au hasira ya mtu maskini. Anayeujua mnara ule ataelewa kwamba Sudi anakataa mikono yake isitumiwe kuandika historia ya uongo. (Ukienda Nairobi, pita Central Park uuone. Ni somo tosha kuhusu jazanda.)

Chukua kasuku pia. Septemba 1984, Moi aliporejea kutoka Addis Ababa, aliwaambia mawaziri wake waimbe wimbo wake kama kasuku, kama yeye alivyouimba wa Kenyatta. Hakuna mwandishi aliyelibuni hilo. Lilisemwa mbele ya watu. Ndiyo sababu mwigizaji wa Redykyulass aliyeitikia kila neno la "Rais" hakuhitaji kueleza chochote. Msome Kenga kwa jicho hilo. Utaona kwamba mshauri anayeitikia ni hatari kuliko kiongozi mwenyewe, kwa sababu Majoka akikosea hana wa kumwambia.

Redio nayo ilikuwa na kazi yake. Waziri aliweza kusikia kwenye habari za saa saba mchana kwamba amefutwa, chakula kikiwa mezani.

Ikiwa unasoma Nakuru au viunga vyake, mambo haya hayako mbali nawe. Barabara ya kwenda Eldama Ravine inapita Kabarak, makao ya Moi, alikozikwa Februari 2020. Katikati ya mji kuna bustani inayoitwa Nyayo Gardens. Ukaribu huu unakufaa, lakini una hatari yake. Katika darasa lako huenda kuna mwenzako ambaye nyanya yake anamkumbuka Moi kwa maziwa ya shule, na mwingine ambaye familia yake ilifukuzwa Molo au Olenguruone katika ghasia za 1992. Ukisimama na kutangaza, "Majoka ni Moi," utazua ugomvi na bado hutakuwa umejibu swali.

Mtahini naye hatakupa alama kwa jina hilo. Kea ameijenga Sagamoyo kwa tabia za tawala nyingi, ndiyo maana hakuipa jina la nchi yoyote. Andika hivi: "Mwandishi anakejeli viongozi wanaojigeuza alama ya taifa. Majoka anaagiza vinyago vya sherehe huku soko la Chapakazi limefungwa na wachuuzi hawana riziki." Hapo umetaja tabia, umetoa ushahidi, na umeonyesha anayeumia. Mambo ya historia yakusaidie kuona hoja, lakini ushahidi utoke kitabuni.

Jaribu mwenyewe. Maziwa ya Nyayo yalianza kugawiwa shuleni 1979, na watoto waliyapokea kama zawadi ya Rais, ingawa yalilipiwa na kodi ya wazazi wao. Sasa soma tena sehemu ambapo keki ya uhuru inaletwa kwa wachongaji, umwangalie Boza, kisha umwangalie Sudi. Nani anakula, nani anaiita makombo, na keki hiyo ilinunuliwa kwa pesa za nani?