Usawa Ndani ya Kompyuta: Kitu Kile Kile au Thamani Ile Ile?

Katika kijiji cha Maposeni, Songea, mkulima alipaye deni la debe moja la mahindi harudishi punje zile zile alizokopa. Hurudisha debe jingine, na deni limekwisha. Madebe hayo ni sawa kwa thamani, lakini si debe lile lile. Lugha ya Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, nayo hutenga maana hizo mbili.

Alama ==, itumikapo kwa vitu, huuliza: je, ni kitu kimoja katika kumbukumbu ya kompyuta? Amri ya equals huuliza: je, yaliyomo ni sawa? Kwa namba za aina ya int, == hulinganisha thamani yenyewe. Lakini katika aina ya Integer namba hufungwa ndani ya kitu, na Java huweka akiba ya vitu vya namba -128 hadi 127. Kwa hiyo 127 na 127 huonekana sawa kwa ==, ambapo 128 na 128 kwa kawaida huonekana tofauti! Programu hufaulu darasani kwa namba ndogo, kisha hukosea kazini.

Jambo hili si mchezo. Tanzania hukusanya taarifa za vituo vya afya kwa DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo ambao sehemu yake kuu imeandikwa kwa Java. Katika mfumo wa namna hiyo, kosa la == laweza kukifanya kituo kimoja kihesabiwe kuwa viwili.

Je, equals huchelewesha kazi? Ilinganishapo maneno, hutazama kwanza kama ni kitu kile kile, kisha urefu, ndipo herufi. Gharama yake ni ndogo. Uchelewaji halisi hutokana na mpango mbaya: kulinganisha kila jina na kila jingine katika orodha ya majina 1,000 kwahitaji ulinganishaji mara 499,500. HashSet hulipa kila jina namba kwa kanuni ya hashCode na kuliweka katika fungu lake. Jina jipya hulinganishwa na machache ya fungu hilo tu. Sharti ni kwamba vitu vilivyo sawa kwa equals vizae hashCode moja. La sivyo, mapacha huwekwa mafungu mbalimbali wasikutane.

Mwalimu na awape wanafunzi zoezi la 127 na 128 kabla ya kuwaeleza sababu. Watakayoyaona kwenye kioo cha kompyuta hawatayasahau.