Binti, viatu vyako vinaongea

Mzee wa sauti alikuwa ameinamia miksa yake na hakugeuka kunitazama. "Binti," alisema, "viatu vyako vinaongea."

Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino nilivyovinunua mtumbani Karume kwa ajili ya siku ile. Nikavivua, nikavishika mkononi, nikamaliza kuvuka sakafu ya studio peku. Kesho yake nilikuja na raba, na ndizo nilizovaa wiki zote nane za mafunzo yangu kwa vitendo katika kituo kimoja cha televisheni hapa Dar es Salaam.

Chuoni nilisomea uandishi wa habari, na barua niliyokuja nayo iliomba nipangiwe chumba cha habari. Chumba chenyewe kilikuwa kimefurika wanafunzi wa fildi kutoka vyuo vitatu au vinne, viti havitoshi, kompyuta ndiyo usiseme. Fundi mitambo wa sauti hakuwa na msaidizi, nikapelekwa kwake. Nilikwenda chooni nikalia. Nilikuwa nimeondoka nyumbani Tanga nimewaaga watu kwamba watanisikia saa mbili usiku nikisoma taarifa ya habari. Sasa naambiwa nikakunje waya.

Na waya nilikunja kweli, siku kumi nzima. Watu wengi huukunja kama kamba ya kisimani, wanauzungusha kati ya kiwiko na kiganja, basi. Waya wa maiki ukiufanyia hivyo unaunyonga: nyuzi za ndani zinajisokota, na siku moja zinakatika mahali usipopaona. Mzee alinifundisha kushika ncha kwa mkono wa kushoto. Duara la kwanza nalipitisha juu, la pili nageuza kiganja linapita chini, juu, chini, juu, chini, kila duara sawa na mwenzake. Nikimaliza anauchukua, anashika ncha moja na kuurusha koridoni. Ukijifunga fundo, anasema, "Tena." Siku ya nane ulikimbia mita 20 ukalala sakafuni umenyooka, naye akaniambia nikanywe chai.

Ndani ya waya ule mna nyaya tatu. Mbili zinabeba sauti ileile, ila moja imepinduliwa: wimbi likipanda huku, kule linashuka. Ya tatu inazikinga wenzake. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na waya wa maiki ukipita karibu na waya wa umeme hunasa mvumo wake, kama nyuki ndani ya debe. Lakini mvumo huo huingia kwenye nyaya zote mbili kwa namna moja. Mwisho wa safari mtambo unaigeuza ile iliyopinduliwa na kuijumlisha na mwenzake. Hapo sauti ya mtu inapata nguvu, na mvumo unafutika. Siku niliyolielewa hilo niliutazama ule waya mweusi uliochakaa kwa heshima ambayo sikuwa nayo asubuhi.

Mzee alianza kazi wakati televisheni za Tanzania Bara zikiwa changa. Zanzibar walikuwa na yao tangu 1973, tena ya rangi. Huku bara tulisubiri vituo vya kwanza mpaka 1994. Amefanya kazi na kanda kubwa kama daftari, leo anafanya na kadi ndogo kuliko stempu, na maneno yake ni yaleyale: televisheni inasikilizwa. Kama uko jikoni unakaanga vitumbua na kioo kiko sebuleni, taarifa ya habari utaipata nzima. Ondoa sauti ubaki na picha, uone kama utajua nani kateuliwa na nani kafariki.

Nilimsikia, lakini sikuelewa mpaka siku ya Feri.

Tulikwenda soko la samaki, mwandishi, mpiga picha na mimi, kuzungumza na mvuvi mmoja wa siku nyingi. Mzee wangu alibaki studio. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka peke yangu na begi la sauti. Nilimbandika yule babu maiki ndogo kwenye jezi yake ya nailoni, nikatazama kipimo: mshale unacheza vizuri, haugusi nyekundu. Jua lilikuwa kali na hedifoni zilinichoma masikio, nikazishusha shingoni. Babu akasimulia usiku ambao ngalawa yao ilipinduka na mdogo wake asirudi. Alizungumza taratibu, akinyanyua mkono kuonyesha urefu wa wimbi, na wachuuzi waliokuwa karibu waliacha kuparua samaki wakamsikiliza. Hata mimi nilimsikiliza, kwa masikio yangu mwenyewe, ambayo siku ile hayakuwa na kazi.

Jioni mhariri wa picha, mama mmoja mpole, akaniita. "Mwanangu, njoo usikie." Kila babu aliponyanyua mkono, nailoni ilisugua maiki ikatoa mchakacho kama wa mtu anayekunja karatasi ya chipsi. Na mkono aliunyanyua kila alipofika penye maumivu. Kipimo hakikuwa kimenidanganya, maana kazi yake ni kuonyesha kiasi cha sauti, na ni sauti ya nini, hilo hujulikana kwa hedifoni tu. Ni vigumu kuutoa mchakacho uliokaa juu ya maneno bila kuyajeruhi maneno yenyewe.

Tulirudi baada ya siku mbili. Nilimwamkia, nikamwomba radhi, akasema si kitu mjukuu wangu, akakaa akarudia. Lakini safari hii alisimulia kwa haraka, kama mtu anayesomewa risiti na kuitikia, na mkono wake ulibaki pajani. Habari ilirushwa na watu waliisifu. Mimi nilijua walichokikosa. Mtu amekupa jambo alilolibeba miaka mingi, wewe umeshindwa kulipokea kwa sababu ya joto la masikio. Hilo bado linaniuma ninapoliandika.

Tangu hapo hedifoni haziteremki. Na kumbandika mtu maiki nimekufanya kuwa kazi yenye adabu zake. Namsalimia kwanza, namweleza ninachotaka kufanya, nampima shibiri moja chini ya kidevu. Akiwa mama aliyejitanda mtandio au khanga, waya nampa mwenyewe aupitishe kwa ndani, mimi nageuka pembeni. Nikirudi nabana maiki upande usiosuguana na kitambaa na kukunja kipete kidogo cha waya nyuma ya kibano, ili waya ukivutwa, mvuto uishie pale. Halafu namuuliza leo amekunywa chai na nini. Jibu lake ndilo ninalopimia sauti, maana mtu akiambiwa "hebu ongea" hubadilisha sauti.

Matangazo mubashara yana siri yake nyingine. Wasomaji wengi wamemwona mwandishi wa nje akiulizwa swali na studio, naye anasimama kidogo akitikisa kichwa kabla ya kujibu, watazamaji wakadhani hajui la kusema. Wengine huandika matusi kabisa. Naomba muwaonee huruma. Setilaiti inayotuunganisha iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali likipanda na kushuka limekula karibu robo ya sekunde, jibu nalo hivyohivyo, na mitambo inayozikunja na kuzikunjua picha inaongeza ucheleweshaji wake. Ndiyo maana pia, tangu tuhamie kwenye dijitali (Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa usiku wa Desemba 31, 2012), mwenye redio hushangilia goli la Simba au Yanga wakati kwenye king'amuzi chako mpira bado uko katikati ya uwanja.

Kuna hatari kubwa zaidi. Mwandishi aliye nje lazima asikie studio sikioni, lakini asijisikie yeye mwenyewe, maana sauti yake itamrudia imechelewa, na binadamu akisikia maneno yake yakimfuata nyuma, ulimi unakwama. Kwa hiyo fundi wa sauti humpelekea mchanganyiko wa kila kitu isipokuwa sauti yake. Ni kitufe kimoja. Nimeona mwandishi hodari akipata kigugumizi mbele ya nchi nzima kwa sababu kitufe hicho kilisahaulika, na lawama zote zikaenda kwake.

Sitaacha kusema juu ya nauli. Mwanagenzi kama mimi halipwi, na mahali pengi hapewi hata ya daladala. Taarifa ya saa mbili ikiisha, kuna kufungua maiki, kukunja waya, kuweka betri kwenye chaji. Unatoka getini saa nne, saa tano. Mimi nilikuwa nakaa Mbagala. Wenzangu wawili wa kike waliacha kabla ya wiki ya tano, na mmoja wao alikuwa na sikio zuri kunishinda. Kituo kinachotumia mikono ya wanafunzi usiku kinaweza kuwafikisha nyumbani.

Mimi nilimaliza, na nikabaki kwenye sauti. Wiki iliyopita tulikwenda nyumbani kwa mama mmoja anayefundisha wasichana kushona, sebule ndogo, friji limesimama kando ya kochi likinguruma. Nikamwomba ruhusa nilizime. Kisha nikafungua mlango wa friji nikaweka ndani funguo za gari letu, juu ya bakuli la dagaa. Mama akashangaa. Nikamweleza kwamba Mzee alinifundisha hivyo: bila funguo hatuwezi kuondoka, na nikizifuata nitakumbuka kuliwasha, samaki wako wasiharibike.

Tulipomaliza kuzungumza niliomba kila mtu akae kimya nusu dakika, nirekodi sauti ya chumba kikiwa kimya. Mhariri huitumia kuziba nafasi anapokata maneno. Mama alishika mikono mapajani. Nje kuku aliparua mchanga, mbali bodaboda ikapita, saa ya ukutani ikagonga. Nikaongeza sauti kidogo kwenye hedifoni, nikasikia pumzi yake.