Moyo ukienda mbio, uliza pia kuhusu mapafu

HEBU fikiria, msomaji, dada yako alijifungua kwa upasuaji mjini Migori wiki mbili zilizopita. Leo asubuhi anapoinuka kitandani, pumzi zinamkata ghafla, kifua kinamchoma na moyo unamdunda kama aliyepanda mlima. Jirani anasema ni malaria. Mama mkwe anasema ni nimonia.

Yawezekana si hii wala ile. Katika wiki sita baada ya kujifungua, damu huganda kwa urahisi kuliko kawaida. Donge lililoanzia katika mishipa ya mguu laweza kung'oka, likapitia moyoni na kuziba mshipa wa mapafu. Walio hatarini pia ni waliolala kitandani siku nyingi, wenye saratani, Ukimwi au kifua kikuu, na wagonjwa wa selimundu, maradhi ambayo familia nyingi za Migori na Homa Bay zinayajua vyema.

Hospitalini, kipimo kimoja cha mapema ni ECG. Nyaya kumi hubandikwa kifuani, mikononi na miguuni, na kwa dakika chache karatasi hutoka ikiwa na mistari ya moyo. Hakiumi (wala hakipigi shoti, kama wengi wanavyohofia).

Mapafu yakizibwa, upande wa kulia wa moyo husukuma damu kwa taabu. Mnamo 1935, madaktari Sylvester McGinn na Paul Dudley White wa Boston, Marekani, walieleza jinsi taabu hiyo inavyojichora kwenye karatasi. Lakini mchoro wao huonekana kwa wagonjwa wachache tu. Mara nyingi kinachoonekana ni mapigo zaidi ya 100 kwa dakika, jambo ambalo hata homa hulileta. Na wengine karatasi yao huwa safi kabisa, ilhali donge limo!

Kwa hivyo ukiambiwa moyo uko sawa, usikimbilie kufunga virago. Mweleze daktari yale ambayo mashine haiyajui: siku aliyojifungua, mguu mmoja uliovimba, makohozi yenye damu, safari ndefu ya basi kutoka Nairobi. Hayo ndiyo humfanya aagize picha ya CT ya mapafu. Akishuku sana, aweza kuanza heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hata kabla ya mgonjwa kufikishwa Kisumu kupigwa picha hiyo.

Na mama mkwe akileta mafuta ya kuukanda mguu uliovimba, mzuie kwa heshima hadi daktari auone.