Ukigongwa na gari, usikubali suluhu ya kando ya barabara

BARABARA kuu ya Isebania kuelekea Ahero hupitia Migori, Awendo na Rongo, kisha Kisii, kabla ya kufika Oyugis katika Kaunti ya Homa Bay. Wanaokwenda kwa miguu hupishana humo na matatu, bodaboda na malori ya miwa.

Mtu anapogongwa, aghalabu mwenye gari hutoa pesa kidogo za dawa na kuwasihi jamaa wasiende kwa polisi. Wengi hukubali, wakidhani kwamba dereva hana chochote cha kulipa.

Hata hivyo, mlipaji huwa ni kampuni ya bima. Sheria, Sura ya 405, humlazimu mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine wanaoumizwa na gari hilo. Kampuni hulipa hadi Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Kiasi kinachozidi hapo hudaiwa mwenye gari.

Jambo la kwanza ni kunakili nambari ya usajili ya gari. Dereva naye anatakiwa kisheria asimame, na kuripoti kwa polisi katika muda wa saa 24.

Pili, ripoti kituoni na upewe nambari ya kitabu cha matukio (OB). Baadaye chukua abstrakti ya polisi, ambayo huonyesha gari, mwenyewe na kampuni ya bima. Fomu ya P3 hujazwa na daktari. Weka kila risiti ya hospitali, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kesi yapasa kuwasilishwa kabla ya miaka mitatu kupita tangu ajali. Ikiwa gari ni la Serikali, muda ni miezi 12 pekee. Aliyegongwa akifariki, mume au mke, watoto na wazazi wake wana haki ya kufidiwa.

Mahakama zipo Migori, Rongo, Homa Bay na Oyugis. Hakimu huweza kupunguza fidia akiona kwamba mlalamishi alichangia ajali, kwa mfano kwa kuvuka bila kutazama.

Jihadhari na mawakala wanaozunguka wodini wakiwatafutia mawakili wateja, sheria hairuhusu. Vilevile, makubaliano kwamba wakili atalipwa tu iwapo kesi itafaulu hayatambuliwi kisheria.

Asiye na uwezo anaweza kuomba usaidizi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka wa 2016.

Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya suluhu, mwonyeshe wakili kwanza.